Mfalme wa Kioo Bapa

Jumapili, 2 Machi

Mimi ni mke wa mtu. Nimeandika maneno hayo kwa raha. Nikimtazama mume niliyepata, sijui wanawake wengine wanaishije na waliowapata wao, lakini hilo nawaachia wenyewe.

Harusi ilikuwa wiki mbili zilizopita. Watu walituletea glasi. Seti baada ya seti ya glasi, utadhani tunafungua hoteli. Ndiyo akili ya watu: mmoja akinunua glasi, wote wananunua glasi. Rafiki yangu wa shule peke yake ndiye aliyetumia kichwa, akaniletea daftari hili na kuniambia niandike furaha ingali moto.

Basi naandika. Mume wangu hanipi kikombe cha chai kama watu wengine wanavyopeana vikombe. Kwanza anaugusa mkono wangu kwa vidole vyake, taratibu, halafu ndipo anapokiweka kikombe. Tukishuka ngazi (tunakaa ghorofa ya pili, ngazi za saruji tupu zisizo na taa) ananishika bega, ananiacha nitangulie, na hatua zake zinafuata zangu. Kabla ya kunibusu ananishika shavu. Jirani yetu wa chini ana mume wa miaka mingi ambaye humsukumia kikombe mezani kama anayelisha paka. Nilimwona kwa macho yangu. Nilimhurumia, kisha nikamdharau kidogo, maana mume ni kuchagua.

Leo mpenzi wangu amevunja glasi mbili akimimina maji. Maji yalikwenda mezani na glasi zikaenda sakafuni. Alikuwa ananitazama mimi. Nani atamlaumu?

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza, na imeniletea mikosi.

Mume wangu anafanya kazi kwenye ghala la vigae, na msimamizi wa ghala ni kaka yake mkubwa. Mvua ikinyesha malori hayaji, kazi inaisha mapema, na badala ya kila mwanamume kwenda kwake, wote wanakuja kwangu. Sababu ni televisheni kubwa aliyotupa Shemeji Mkubwa siku ya harusi, na mashine ya gemu ambayo mume wangu ameingia nayo kwenye ndoa kama mtoto wa kambo. Wanavua viatu mlangoni, jambo ambalo ni baya kuliko wangeingia navyo, kisha wanakaa kwenye kapeti langu jipya na kupiga kelele kwa sababu gari la uongo limegonga ukuta wa uongo. Wanaume wazima, wengine na watoto.

Aliye chini kuliko wote ni yule wanayemwita Msumari. Mwembamba, kichwa kikubwa, na ukimkalisha mahali anabaki hapo mpaka ang'olewe. Anaweka miguu juu ya meza yangu ya kioo. Akishika pedi ya kuchezea gemu anapinda na mwili mzima, gari likikata kushoto naye analalia kushoto, na bado anagonga. Ananiita shemeji kwa sauti ya kuomba chai.

Mume wangu wao wanamwita Kipimo. Hagongi. Anakaa wima, kichwa kimeinama kidogo upande, kimya, na gari lake linapita kwenye upenyo ambao mimi nisingepitisha sindano. Nilisimama mlangoni na sinia nikamtazama mpaka chai ikapoa. Kati ya manyani wale, alikuwa kama mfalme aliyepotea njia.

Jumapili, 9 Machi

Leo ukumbi wangu umekuwa ofisi ya serikali.

Dereva wa foklifti amepata kazi kwingine. Foklifti ni lile gari dogo lenye meno mawili marefu ya chuma mbele, linaloingiza meno chini ya mzigo na kuupandisha kwenye rafu za juu. Kila mtu pale ghalani anakitamani kiti chake, maana anayekikalia habebi tena vigae kwa mgongo. Shemeji Mkubwa, mwenye tumbo la mbele na funguo kiunoni zinazolia kabla hajafika, alikuwa achague dereva mwingine. Mtu mwenye akili angewapeleka ghalani mmoja mmoja akawatazama. Yeye alisema mwenye mali hataki watu wajifunzie vigae vyake, kwa hiyo watajifunzia vigae vya bure. Akatoa gemu jipya, la kupakia mizigo kwa foklifti, akaliweka kwenye mashine yetu, na kutangaza kwamba atakayeshinda kwenye kioo cha televisheni ndiye atakayekaa kwenye kiti. Anaongea polepole, kama kuna mtu anayeyaandika maneno yake. Haya, nimeyaandika.

Ilikuwa aibu kutazama. Mmoja aliangusha mzigo kabla ya kulifikia lori. Mwingine alilichoma lori lenyewe kwa meno. Msumari alipinda, akatoa ulimi, akaliweka sanduku lake vizuri sana kwenye hewa, nyuma kidogo ya lori, likaanguka. Akasema kwenye kioo haoni mzigo unaishia wapi na lori linaanzia wapi, ila nje, kwenye foklifti ya kweli, yeye angeweza. Walimcheka mpaka jirani akagonga dari kwa ufagio. Nami nikasema kutoka jikoni kwamba asiyejua kucheza husingizia uwanja.

Mume wangu alipanga lori zima bila kugusa ukingo. Shemeji Mkubwa akamvulia ufunguo wa foklifti mbele ya wote. Nililia kidogo jikoni, kwa fahari.

Jumatatu, 10 Machi

Ameanza. Nilimpigia shati pasi mara mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Jua tangu juzi. Kazini wanamsifu. Ananisimulia jinsi anavyofanya, nami namwacha asimulie hata ugali ukipoa. Paa la ghala lina vipande vya plastiki vinavyopitisha jua, kwa hiyo meno ya foklifti yana kivuli. Yeye halitazami jino, anatazama kivuli chake kikitembea sakafuni, kikipanda kwenye mzigo. Jino na kivuli vikikutana, umefika. Hata vivuli vinamtii mume wangu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imerudi kwa hasira. Ghalani kulikuwa giza na vigae vimevunjika, chaga nzima. Chaga ni zile mbao za chini ambazo vigae hupangwa juu yake, na anayepanga ni Msumari. Shemeji Mkubwa amesema vilipangwa ovyo. Sishangai. Mtu asiyejua meza ni ya nini atajuaje kigae kinakaaje?

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Vigae tena. Msumari tena.

Jumapili, 23 Machi

Mama Mkwe amekuja kukagua. Alipitisha kidole juu ya televisheni, akakitazama, akakifuta kwenye kitambaa changu. Nilimtengea chakula kizuri, akasema chumvi, basi. Neno moja tu.

Baada ya kula alianza hadithi za utotoni, zile ambazo mama huzitoa ili mke ajue kwamba yeye alifika kwanza. Akasema mwanawe alikuwa akidaka mpira kwa pua. Wenzake wakimrushia, ananyoosha mikono, mpira unapita katikati na kumpiga usoni, mpaka wakaacha kumwita. Akasema alikuwa na jicho lililokuwa likitazama kwa jirani, wakamfunga kitambaa kwenye jicho zima ili lile vivu lifanye kazi, likanyooka, Mungu mkubwa.

Nilimjibu kwamba siku hizi hakuna anayemshinda mume wangu kwa shabaha. Akacheka kwa pua. Namheshimu kwa sababu alimzaa, na sina sababu ya pili.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Shemeji Mkubwa amempa Msumari onyo la mwisho mbele ya watu wote. Nilimuuliza mume wangu yeye alisema nini, maana walikuwa marafiki tangu ujana. Akasema hakuulizwa.

Jumapili, 30 Machi

Mwenye ghala amerudi safari na miwani ya gemu, ile inayofunika macho yote mawili kama ya kuogelea, nene kama tofali. Shemeji Mkubwa ameiazima, na bila shaka imeletwa kwangu.

Ukiivaa, dunia ya gemu haiko tena bapa. Vitu vinatoka. Wa kwanza aliivaa akapiga yowe na kukaa sakafuni. Shemeji Mkubwa mwenyewe, mheshimiwa, alikwepa ndege ambaye hakuwepo na tumbo lake likaangusha kiti. Mipira inakujia, nawe unaidaka kwa mikono mitupu. Msumari alidaka yote. Aliacha kupinda, mikono yake mirefu ikawa inakwenda mahali palepale, kama mtu anayechuma matunda, na akawa anacheka peke yake ndani ya ile miwani. Hata mimi nilijaribu. Naungama kwamba nilinyoosha mkono kushika ua lililokuwa mbele ya pua yangu, na moyo ulinidunda lilipokuwa hewa.

Kisha ikawa zamu ya Kipimo. Wote wakanyamaza kumwona bingwa. Alisimama wima kama kawaida yake. Mpira wa kwanza ukampita. Wa pili ukampita. Alifumba mikono mapema, kisha akachelewa. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hicho kinachotoka nje kiko wapi?"

Wakadhani anatania, wakaangua kicheko. Naye akacheka, akaivua, akasema inamtia kichwa kuuma na ni mchezo wa watoto. Nilifurahi: yeye peke yake hakupiga kelele kama mwehu. Nalala na furaha hiyo.

Jumatatu, 31 Machi

Nataka kuandika kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha hasira iandike itapasua karatasi.

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo, na swali lake likawa linanirudia. Kiko wapi? Shuleni, kwenye biolojia, mwalimu alitufundisha kwamba kila jicho huchukua picha yake kutoka upande wake, na ubongo huzishona mbili kuwa moja yenye kina. Ndiyo maana ukifumba jicho moja huwezi kutunga uzi kwenye sindano kirahisi. Alitufanyia jaribio la kalamu: mmoja anashika kalamu wima mbele yako, nawe unateremsha ya kwako kutoka juu mpaka ncha zigusane. Macho mawili, unagusa. Jicho moja, unakosa. Tulicheka sana siku ile.

Aliporudi kazini, kabla hajavua viatu, nilishika kalamu mbele yake na kumpa nyingine. Nilisema ni mchezo. Alitabasamu, akateremsha kalamu, ikapita mbele ya yangu. Akajaribu tena, ikapita nyuma. Mara ya tatu akafanya alichofanya siku zote: akautafuta mkono wangu kwa vidole vyake, taratibu, akaupanda mpaka kwenye kalamu, na ncha zikagusana.

Nilikaa kitini. Mkono wangu, shavu langu, bega langu kwenye ngazi. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Mimi nilikwenda mbali kuliko wahenga. Niliita mahaba.

Akaniambia yote, akiwa amesimama. Jicho lilinyooka lakini halikujifunza kufanya kazi na mwenzake. Lipo, linaona kwa upande wake, ila ubongo haulisikilizi, kama mgeni anayekaa mezani bila kutengewa sahani. Hajawahi kuona hicho kina tunachokisema. Tangu utoto anakisia: kilicho kidogo kiko mbali, kinachofunika kingine kiko karibu, kivuli kinasema mengine. Nikamuuliza basi imekuwaje kwenye gemu awashinde wenye macho mawili.

"Kwa sababu kioo ni bapa," alisema. "Mkikaa mbele ya kioo, nyote mnakuwa kama mimi. Tofauti ni kwamba mimi nimezoea."

Ndiyo ufalme wake wote huo. Na yule mjinga wa funguo, kaka yake wa tumbo moja, aliyemwona na kitambaa usoni, akachukua kitu pekee duniani ambacho macho mawili hayasaidii na kukifanya kipimo cha kuchagua dereva.

Nilimuuliza kuhusu vigae. Akainama akaanza kufungua viatu. Nikauliza tena, vile vya tarehe kumi na nane, vya tarehe ishirini na moja, vyote. Akasema mvua ikinyesha ghala linakuwa na giza la kijivu, hakuna kivuli, meno yanaingia mbali kuliko anavyodhani. Akasema Msumari hana mke, kwa hiyo hata akifukuzwa hapotezi sana.

Nilimtazama mwanamume huyu niliyempigia shati pasi mara mbili.

Kisha nikauliza swali la kipumbavu, maana ilikuwa lazima niulize. Anaponishika mkono kabla ya kunipa kikombe, ananipenda au ananipima? Alifikiri muda mrefu. Angekuwa mwongo mzuri angejibu haraka.

"Sijui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi," alisema.

Akaniomba nisiseme. Mvua zikiisha jua litarudi, na vivuli, na kila kitu kitakuwa sawa. Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa. Mimi ni mke wa mtu.

Ijumaa, 4 Aprili

Jua siku mbili. Amerudi akipiga mluzi. Sijawahi kuona mtu mzima anayeamka asubuhi na kwenda dirishani kuuliza mawingu kama leo anajua kazi au hajui.

Namwonea huruma, nampenda, na akitafuna namtazama taya kwa hasira. Sikujua kwamba vyote vitatu vinakaa kwenye kifua kimoja.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kubwa. Leo hakuvunja kitu. Amesema amepata njia. Sikuuliza njia gani, nilikuwa nakatakata vitunguu na ilinifaa kuendelea kukata.

Alhamisi, 10 Aprili

Mchana, mume wangu akiwa kazini, mlango umegongwa. Alikuwa Msumari, kwenye mapumziko yake, ameloa chapachapa. Hakuingia. Nilimwambia aingie, akasema atachafua kapeti.

Alikuja kuniomba nimsemee kwa Shemeji Mkubwa. Wameshamwambia kwamba kigae kingine kikivunjika asije tena. Akasema anajua wanamwona mzembe na mimi namwona mzembe, na kwenye nyumba za watu kweli hajui kukaa, hakulelewa kwenye nyumba yenye meza. Lakini vigae anapanga vizuri. Akanionyesha kwa mikono yake, pale mlangoni, jinsi anavyokaza kamba pembe kwa pembe, na mikono ilikuwa ileile iliyodaka mipira yote.

Nikamuuliza, kwa sauti ya kujifanya sijali, kwa nini juzi kwenye mvua hakikuvunjika kitu. Akafurahi kuulizwa. Akasema Kipimo amemwomba amsaidie: gizani yeye anasimama kando ya rafu, mkono juu, na meno yakibaki kidogo anashusha mkono, Kipimo anasimamisha.

"Unasimama wapi hasa?" nilimuuliza.

"Hapo yanapoingilia, shemeji. Nikisimama mbali hanioni vizuri. Akikosea nitaruka tu, mimi mwepesi."

Alisema hivyo kama anayenituliza. Nilimpa taulo, akajifuta kichwa, akalikunja vizuri kabla ya kunirudishia, akaenda.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba Msumari amekuja. Akakasirika kwamba mfanyakazi anakuja kwa mke wa mtu mchana. Nikamwambia asimweke tena mtu mbele ya meno yale, na kesho amwambie kaka yake ukweli. Akasema hatua tatu nne za tahadhari zipo. Akasema mimi sijui foklifti. Akasema bado wiki chache tu za mvua. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nilitambua sauti ile: ilikuwa sauti ya kaka yake, polepole, kama kuna mtu anayeandika.

Ijumaa, 11 Aprili

Kulikucha na mvua. Nilimwacha aende, nikafunga chakula kwenye hotipoti ili niwe na sababu, nikashika mwavuli, nikaenda ghalani.

Sijawahi kuingia humo siku ya mvua. Ni pakubwa, pana harufu ya saruji na majani makavu ya kufungia, na mvua juu ya bati inakufanya upige kelele ili usikike. Mwanga ulikuwa wa kijivu sawasawa kila mahali, kama maji ya kuoshea wali. Hata mimi mwenye macho mawili nilikodoa. Rafu zimepanda mpaka darini, na kila chaga ina uzito wa kuua.

Nilimwona kabla hajaniona. Amekaa wima, kichwa kimeinama upande, kama mbele ya kioo chetu. Mbele yake meno mawili ya chuma yameinuliwa usawa wa kifua, na kando ya rafu Msumari, mgongo kwenye nguzo, mkono juu. Gari likasogea. Msumari akashusha mkono. Gari likasogea bado, kidogo tu, kiasi cha kiganja, na jino likapita mbele ya mbavu zake na kugonga nguzo. Rafu nzima ikalia. Msumari alikuwa amejibana na kuvuta tumbo ndani, na alikuwa anacheka, cheko la mtu anayetaka aliyemkosa asijisikie vibaya. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakihesabu masanduku hawakugeuka. Walikuwa wameshazoea.

Gari likarudi nyuma ili lijaribu tena.

Nilitua hotipoti chini. Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza. Nilitembea mpaka pale, nikamwambia Msumari atoke, akasema shemeji, hapa si mahali, nikamsukuma kwa bega akatoka. Nikasimama mimi, mgongo kwenye nguzo ileile, ilikuwa baridi na ya unyevu, meno yakiwa mbele yangu. Nikainua mkono juu kama alivyokuwa akiinua yeye.

Mume wangu akachungulia. Akaniita jina langu. Mvua ilikuwa kubwa lakini niliona mdomo.

Nilisema kwa nguvu, wote wakasikia, "Endelea, mume wangu. Ingiza."

Aliniambia nitoke. Nikamwambia kama anaona, aendelee, na kama haoni, azime. Shemeji Mkubwa akatoka kwenye kibanda chake akiuliza ni upuuzi gani huu na mwanamke anafanya nini kwenye eneo la kazi, funguo zikilia. Nilikuwa naziona ncha mbili za meno, zimechubuka rangi, na nyuma yake uso wa mume wangu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilijua hasa yuko umbali gani nami. Yeye hakujua. Nilimwona akijaribu. Alinitazama mimi, akatazama nguzo, akatazama sakafu akitafuta kivuli, na sakafuni hapakuwa na kitu.

Mguu wake ulikuwa kwenye pedali. Injini iliunguruma hapo muda ambao sitaki kuukumbuka.

Kisha akazima.

Akashuka kwa kushika mlingoti wa foklifti, akitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu, na safari hii hakuna aliyeweza kutoona. Alimwendea kaka yake, sio mimi. Akamwekea ufunguo mkononi, akasema haoni umbali, hajawahi kuona, na vigae vyote vilivyovunjika ni vyake. Alisema vyote mara moja, bila kumtazama Msumari, kisha akageuka akamtazama Msumari akasema tena.

Nilimsubiri Shemeji Mkubwa atoe hotuba. Nilikuwa tayari kumdharau mpaka kwenye visigino. Aliutazama ufunguo. Akasema alidhani yale mambo yaliisha siku kitambaa kilipotolewa. Akasema pia, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwamba gemu lilikuwa wazo lake. Kisha akawaita watu wote na kuwaambia Msumari hana kosa lolote, akamwomba radhi mbele yao. Kwa hiyo sasa nina tatizo, kwa sababu nilikuwa nimemzoea bila heshima na sijui nitamwekaje.

Jumamosi, 12 Aprili

Hatuongei. Alilala ukumbini.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Mume wangu amewekwa mlangoni, anapokea mizigo na kukagua. Kiti cha foklifti kimepewa mtu aliyejaribiwa ghalani, kwa foklifti ya kweli, vigae vya kweli. Walijaribiwa wote. Sina haja ya kuandika nani aliweza.

Watu wanasema mke wa Kipimo alimvua mumewe nguo hadharani. Jirani wa chini, yule wa kikombe cha paka, alinipa pole kwenye ngazi, na nilimwona anavyofurahi. Mume wake humsukumia kikombe, naye hajui kwa nini, wala hajauliza.

Jumapili, 20 Aprili

Ameongea leo. Siku tisa mdomo umeshonwa, halafu leo tunakunja shuka, yeye ameshika ncha mbili na mimi mbili, tunakutana katikati na kurudi nyuma, ndipo akauliza bila kuinua macho.

"Ulijuaje kwamba ningezima?"

Mwezi uliopita ningekuwa na jibu. Ningesema moyo wangu ulijua, ningesema mapenzi yana macho yake, na ningekuja kuliandika hapa kwa wino mzuri, na ningekuwa nimesema upuuzi mtupu.

"Sikujua," nilimwambia.

Shuka lilikuwa bado mikononi mwetu. Alisimama nalo, kichwa kimeinama upande, akinitazama kama anayekisia. Kisha akavuta ncha zake kidogo, mpaka likakazana, na akaanza kuja upande wangu.